Piano haisindikizi: mtajeni na mpiga piano

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kosa ambalo gazeti hili hulirudia kila linapoandika habari za tamasha la fidla na piano. Jina la mpiga fidla hutangulia kwa herufi nzito, kisha habari humaliziwa kwa maneno "akisindikizwa na piano", bila jina la aliyekaa kwenye piano hiyo. Vile vipande vifupi vya karne ya 19, vya dakika 3, 4 au 6, navyo hutajwa kwa mkupuo kuwa ni nyimbo nyepesi za kufungia tamasha. Maelezo yote mawili si kweli, na hayamwumizi mpiga piano peke yake. Dhana kwamba mmoja ni bwana na mwenzake ni mpambe ndiyo inayozaa makosa mengi tunayoyasikia jukwaani.

Majalada ya karatasi za noti yanatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1778 sonata sita (kazi ndefu zenye sehemu kadhaa) za Mozart, namba 301 hadi 306 katika orodha ya kazi zake, zilichapishwa Paris zikiwa na jalada linalosema ni za kinanda, na kwamba inayosindikiza ni fidla. Mwaka 1805 ilitoka sonata ya Beethoven tunayoiita Kreutzer. Jalada lake lilitaja piano kwanza, fidla ikafuata ikielezwa kuwa ni ya lazima, yaani haiwezi kuachwa. Mpiga piano na mtunzi Clara Schumann alipotunga Romanzi Tatu (vipande vifupi vyenye mtindo wa wimbo), Opus 22 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), mwaka 1853, mpangilio ulikuwa uleule: ni romanzi za piano na fidla. Anayeandika leo kwamba piano inasindikiza ameigeuza historia juu chini.

Nizitumie romanzi hizo tatu kuonyesha ninachokisema, maana zinasahaulika kuliko zinavyostahili. Clara aliziandika Düsseldorf akiwa mmoja wa wapiga piano mashuhuri kabisa wa Ulaya, akamtunukia Joseph Joachim, mpiga fidla aliyekuwa na miaka 22 tu, na baadaye wawili hao wakazipiga pamoja katika ziara zao. Zote tatu huchukua dakika kama 10.

Romanzi ya kwanza iko katika ngazi ya D-flati meja (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya piano; meja na maina ni aina mbili za ngazi). Ngazi hiyo ina D-flati, E-flati, F, G-flati, A-flati, B-flati na C. Nyuzi nne za fidla ni G, D, A na E, na hakuna hata moja iliyomo katika ngazi hiyo. Katika D meja, ukibana D kwenye uzi wa A, uzi mtupu (usiobanwa kwa kidole) wa D ulio jirani hutetemeka wenyewe na kuipa sauti mwangaza. Katika D-flati hakuna uzi wa kuitikia. Sauti inatoka kama imefunikwa shela, na hiyo ndiyo rangi ya kipande hiki. Lakini uzi mtupu ndio pia kioo cha sikio: mpiga fidla hujikagua kwao bila hata kufikiri. Ukiondoka, vidole vinabaki peke yao. Vinatakiwa virudi nusu toni nzima kuelekea kichwa cha fidla ukilinganisha na D meja, na kwa kuwa mkono umezoea D meja, vinapanda kidogokidogo mpaka fidla nzima inakuwa juu ya piano. Wasikilizaji hawajui kilichoharibika, wanahisi tu kwamba wimbo umechacha.

Dawa yake inahitaji watu wawili. Mpiga piano ashike D-flati na A-flati kwa mkono wa kushoto, azigonge upya kila baada ya mapigo 4. Mpiga fidla apande na kushuka ngazi juu ya sauti hizo, kila noti mapigo 4, upinde mzima, bila vibrato (kutetemesha kidole kwenye uzi). Noti ya F iangaliwe zaidi ya zote: sikio litaivuta chini, kwa sababu F iliyo safi juu ya D-flati iko chini ya F ya piano kwa kiasi kinachosikika wazi. Mpiga piano aigonge F yake mara moja, na fidla iifuate. Dakika 10 za zoezi hilo kabla ya kuigusa romanzi zinafaa kuliko saa nzima ya kurudia wimbo ukiwa peke yako chumbani.

Ya pili, katika G maina, haina shida kubwa ikiwa sehemu ya kati iliyo katika G meja haikukimbizwa. Ya tatu, katika B-flati meja, ndiyo inayofichua kama wawili hawa wanasikilizana. Clara aliandika maneno ya Kijerumani yanayomaanisha "haraka, kwa hisia kali". Piano inabubujika kwa noti ndogo ndogo zisizopumzika, huku fidla ikiimba noti ndefu. Mpiga fidla anayejiona bwana huzivuta noti hizo, anazipamba, anazichelewesha, na piano iliyo chini yake inageuka zoezi la vidole. Mwendo wa kipande hiki uko mikononi mwa mpiga piano. Yeye aweke pigo, aipe uzito noti ya chini kabisa ya kila akordi (noti kadhaa za pamoja) iliyovunjwa, yaani inayopigwa noti moja moja, zilizobaki azipitishe kwa wepesi, na fidla ikae juu ya mkondo huo bila kuuzuia.

Jambo la kutyuni (kuweka nyuzi katika sauti sahihi) nalo halijawahi kuandikwa katika kurasa zenu, ingawa huharibu tamasha tangu noti ya kwanza. Mpiga fidla hutyuni nyuzi zake mbilimbili, A na E, A na D, D na G, mpaka mawimbi ya sauti yatulie. Piano haityuniwi hivyo. Nafasi hizo za sauti tano (toka A hadi E, kwa mfano) hubanwa kidogo ili ngazi zote ziweze kutumika sawa. Ukiigawa nusu toni sehemu 100, kila nafasi safi ya fidla inaizidi ile ya piano kwa sehemu 2. Kwa hiyo aliyechukua A kutoka kwenye piano, akashuka kwa usafi hadi G, atakuta uzi wake wa G uko chini ya G ya piano kwa karibu sehemu 4. Katika muziki wa mbio hazisikiki. Katika wimbo wa polepole, au pale fidla na piano zinapokutana kwenye G ileile, zinasikika. Achukue A, kisha aombe na G ya piano, aipandishe G yake ikutane nayo, na D aiweke katikati. Kazi yenyewe haifiki dakika moja.

Kipande kinachoadhibu uzembe huo papo hapo ni Scherzo (kipande cha mwendo wa kasi) ya Brahms katika C maina. Iliandikwa mwaka uleule wa 1853, mjini Düsseldorf, mwezi Oktoba, ikiwa sehemu ya sonata iliyotungwa na watu watatu kumkaribisha Joachim: Albert Dietrich, Robert Schumann (mume wa Clara), na Brahms mwenye miaka 20. Joachim aliipiga na Clara, akaambiwa akisie nani ametunga sehemu gani, akazipata. Scherzo hiyo haikuchapishwa hadi 1906, miaka 9 baada ya kifo cha Brahms. Inaanza kwa fidla kuugonga uzi mtupu wa G, tena na tena, kisha piano inaingia kwa akordi nzito. Kama G hizo mbili hazilingani, hakuna pa kujificha.

Wengi pia huukosea uzi huo kwa mkono wa kulia. Wanaona nguvu inatakiwa, wanagandamiza upinde, na uzi unakoroma. Zaidi ya hapo sauti yake inapanda, kwa sababu uzi unaovutwa mbali sana na mstari wake hukazika. Nguvu itoke kwenye kasi ya upinde: nusu ya chini, karibu na mshiko, nywele zikae bapa, na mahali pa kugusa pasogee kidogo kutoka kwenye daraja (kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi), maana uzi mnene hauvumilii kubanwa karibu nalo. Wote wawili wahesabu mapigo 2 katika kila kipimo, ingawa karatasi inaonyesha 6/8 (mapigo madogo 6 katika kila kipimo). Wanaohesabu 6 hufika katikati wakiwa wamechoka, na kipande kinasikika kama kinapanda mlima.

Gazeti hili pia huchanganya kilichoandikwa kwa fidla na kilichohamishiwa kwa fidla. Ni jambo la kumjulisha msomaji, kwa sababu hubadilisha namna ya kupiga. Romanzi Tatu za Robert Schumann, Opus 94, alizozitunga Desemba 1849, ni za obo (ala ya kupuliza) na piano, na fidla imeruhusiwa tu ichukue nafasi ya obo. Mchapishaji Simrock alipotaka jalada liseme pia klarineti, Schumann alikataa, akisema kama angeandikia klarineti angeandika kitu tofauti. Kwa mpiga obo, tatizo la romanzi hizi ni pumzi: mafungu ya wimbo ni marefu na mapumziko ni haba. Mpiga fidla hana tatizo hilo, na hapo ndipo anapopotea. Kwa kuwa upinde unaweza kugeuka bila mtu kusikia, anaunganisha kila kitu mpaka wimbo hauna nukta wala mkato. Avute pumzi kwa pua mwisho wa kila fungu, ainue upinde kidogo, hata kwa robo ya pigo, na mpiga piano ainue mikono pamoja naye. Ajabu ni jinsi wimbo unavyofunguka hapo.

Meditation ya Massenet, ambayo hupigwa karibu kila mahali fidla inapopigwa, si muziki wa chemba (wa wapigaji wachache) hata kidogo. Imetoka katika opera yake Thaïs, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1894, ambamo fidla huimba ndani ya okestra na kinubi kinaichezea chini yake. Martin-Pierre Marsick ndiye aliyeihamishia kwa fidla na piano. Mpiga piano akijua kwamba mkono wake unashika nafasi ya kinubi, atajua la kufanya: vidole vyepesi, kila noti ya akordi ianguke kwa zamu yake, pedali ibadilishwe kila akordi inapobadilika na si kwa mazoea ya mguu. Akiipiga kama wimbo wa kanisani, fidla inazama. Kwa upande mwingine, Tchaikovsky aliandika kazi moja tu ya fidla na piano tangu mwanzo, Souvenir d'un lieu cher, Opus 42, ya 1878, yenye vipande vitatu. Cha kwanza, katika D maina, alikuwa amekikusudia kiwe sehemu ya polepole ya konseto yake ya fidla (kazi ya fidla na okestra), kisha akakiondoa. Toleo la okestra linalosikika redioni ni kazi ya mtunzi mwingine, Glazunov. Anayeandika habari za tamasha la fidla na piano asiseme kwamba wapigaji "wamepunguza okestra", kwa sababu piano ndiyo iliyotangulia.

Salut d'amour ya Elgar, ya 1888, aliyomtungia mchumba wake Caroline Alice Roberts, huteswa kwa upole. Mwendo ulioandikwa ni Andantino, yaani mwendo wa kutembea, lakini wapigaji huupunguza mpaka mpiga piano anabaki akisubiri akordi zake zinazoangukia kati ya mapigo. Akordi hizo zikichelewa, wimbo hauna miguu. Mpiga piano asimamie mwendo. Fidla ikitaka kuchelewa kwenye noti moja ndefu, ilipe deni hilo kabla kipimo hakijaisha. Tahadhari ndogo ya vitendo: kipande hiki huchapishwa katika E meja na pia katika D meja kwa wanaoona E ni ngumu. Kabla ya mazoezi, hakikisheni karatasi zenu mbili zimetoka toleo moja.

Nimeshuhudia ukurasa wenu ukisifu tamasha ambamo Vipande vya Kimapenzi vya Dvořák, Opus 75, vilipangwa upya ili kile chenye kishindo kije mwisho. Hilo silo la kusifu. Dvořák alitoa vipande hivyo Januari 1887 kutoka katika kazi yake ya fidla mbili na viola (ala kama fidla, kubwa kidogo na ya sauti ya chini zaidi), ambayo ilizaliwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kemia aliyekuwa akijifunza fidla, pamoja na mwalimu wake wa fidla. Machi 30 mwaka huo vilipigwa Prague na Karel Ondříček, Dvořák mwenyewe akiwa kwenye piano. Viko vinne: B-flati meja, D maina, B-flati meja, G maina. Cha kwanza ni wimbo mrefu ulionyooka, cha pili kina akordi za fidla zenye ukakamavu, cha tatu kinawaka. Cha nne, Larghetto, ni kirefu kuliko kila kimoja kati ya vile vitatu, na ni maombolezo. Fidla inasema maneno machache, inanyamaza, inasema tena, na piano inashikilia chini yake bila kukatika. Mtunzi aliiacha kazi yake imalizike hapo, kimya. Kukihamisha ili makofi yaje haraka ni kukata kichwa cha kazi. Linaloharibu Larghetto hii mara nyingi ni fidla kujaza ule ukimya kwa kuburuta noti za mwisho. Noti ikiisha, iishe. Piano ipo.

Kuhusu vibrato nitasema machache. Mazoea ya leo ya kutetemesha kila noti kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho hayakuwa mazoea ya watu walioandikiwa vipande hivi. Joachim aliingia studio mwaka 1903, na rekodi zake chache zimebaki. Vibrato ni haba, inakuja kama pambo, na kidole kinasikika kikiteleza kutoka noti hadi noti. Si lazima mtu amwige. Ila anayetetemesha kila kitu anajinyima silaha: ikifika noti inayostahili kutetemeka, hana tena cha kuongeza.

Na kile kifuniko cha piano. Mara nyingi hulalamikiwa kwamba piano "ilimfunika" mpiga fidla, na tiba inayopendekezwa huwa kukifunga au kukiweka kwenye kijiti kifupi. Kifuniko kikifungwa, sauti za juu za piano zinafifia na zile nzito za chini zinabaki palepale, yaani kinachopotea ni uwazi, si mzigo. Mkosaji huwa ni mkono wa kushoto na pedali. Ikumbukwe kwamba Romanzi za Clara ziliandikwa miaka 6 kabla mtengeneza piano Steinway hajasajili, mwaka 1859, mpangilio wa kupitisha nyuzi za chini za piano kubwa juu ya nyingine. Piano za kabla ya hapo zilikuwa na nyuzi zilizonyooka sambamba, na sauti za chini zilikuwa nyepesi na zilikatika mapema. Alama ya pedali iliyofaa kwenye piano hiyo hugeuka tope kwenye ya leo. Kifuniko kiachwe wazi kabisa, mkono wa kushoto ushushwe daraja moja chini ya wa kulia, na pedali ibadilishwe mara nyingi kuliko inavyoandikwa, pengine nusu tu ikanyagwe. Mpiga fidla asimame kwenye kile kibonde cha ubavu wa piano, si mbele yake, ili mwenzake auone upinde unapoanza kutembea. Mwanzo wa pamoja hauji kwa kutikisa kichwa. Unakuja kwa pumzi na upinde unaoonekana.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo na linatekelezeka katika toleo lijalo. Mwandishi wenu ataje watu wote wawili kwa herufi zilezile. Aeleze kama kipande ni cha asili au kimehamishwa, na nani alikihamisha. Aandike namba ya opus na ngazi, kwa sababu kuna romanzi nyingi mno zinazoitwa "Romanzi" tu, na msomaji anayetaka kuitafuta hataipata kwa jina hilo. Atakapotathmini, aseme piano ilifanya nini, kwa maneno yaleyale ya uzito anayoyatumia kwa fidla: mwendo ulishikwa na nani, pedali ilikuwa safi au ya tope, wawili walivuta pumzi pamoja au kila mtu kivyake. Na vipande vilivyoandikwa pamoja vitajwe kwa mpangilio wa mtunzi. Kama vimepangwa upya, wasomaji waambiwe.

Nafasi inayohitajika ni mistari miwili, mfano huu: Clara Schumann, Romanzi Tatu za piano na fidla, Opus 22 (1853), D-flati meja, G maina na B-flati meja, kisha jina la mpiga piano na jina la mpiga fidla.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa sanaa